Konokono wa Donoghue

Kila aliyesoma sheria anamjua konokono wa Donoghue v Stevenson. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, mama mmoja, Donoghue, kanunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa yenyewe haionyeshi ndani. Kanywa, anamiminiwa iliyobaki, konokono huyo, kaoza! Akamshtaki mtengenezaji wa soda, Stevenson. Kesi ikapanda hadi House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, ikaamuliwa 1932 kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu, yaani asimdhuru mnywaji kwa uzembe, na mzigo wa kuisoma tukaachiwa sisi.

Kundi letu likapangiwa kuiwasilisha kwenye semina. Nikaisaka intaneti usiku, nikaipata, ila ukurasa ukataka nilipie kwa kadi. Nikamwandikia mkutubi wa zamu.

“Pitia tovuti ya maktaba, mwanangu,” akajibu. “Chuo kimeshalipia. Ukigonga dirishani utadaiwa. Mlango uko huku.”

Kweli bwana, nenosiri la chuo tu, milango yote wazi! Mbele yangu kisanduku kirefu cha kutafutia, kinachopekua kanzidata zote, yaani hifadhi za makala na hukumu, kwa mpigo. Nikaandika “snail”. Pembeni kitufe: nitumie matokeo kwa barua pepe. Nikaweka anwani ya kundi zima, wenzangu nao wafaidi.

Kulipokucha kundi likapokea konokono wanaoeneza kichocho. Kesho yake, ute wa konokono kwenye krimu za uso. Halafu ufugaji wa konokono, sehemu ya kwanza. Kitufe kile, kumbe, huleta kila kipya kinachochapishwa, bila kuchoka. Wenzangu wakaacha kuniita kwa jina langu.

Mkutubi alipoona skrini yangu alicheka hadi akavua miwani. Akafungua kanzidata ya sheria peke yake, akaandika [1932] AC 562, namba ya kesi yetu kwenye vitabu vya hukumu, kwenye nafasi ya rejea, ikaja hukumu moja tu. (Na tulivyohangaika hivyo, konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani! Stevenson alifariki, madai yakamalizwa kwa maelewano.)

Nilichosahau ni kwamba anwani ya kundi ilimfikia na mwalimu. Siku ya semina akaingia, akaketi, akafungua daftari taratibu.

“Tuanze na wajibu wa uangalifu,” akasema. “Kwa konokono wa kufugwa, au wa chupani?”

Darasa likaangua kicheko. Nikasimama: “Samahani mwalimu, nazizima leo leo.”

“Za kichocho zima. Za ufugaji ziache, mama watoto anasubiri sehemu ya pili.”