Mama mdogo hakuomba kutunzwa

Jumamosi iliyopita tulianua matanga ya baba mdogo, kule Kagera, na jioni hiyohiyo ukoo ukakaa kikao. Wanaume kumi na mmoja tulikaa kwenye viti vya plastiki uani, mimi nikiwamo. Mama mdogo hakuitwa. Alikuwa jikoni, macho mekundu kwa kilio na moshi, anatupikia ndizi na maharage alivyolima kwa mikono yake, na sisi huku tunagawa shamba.

Kibanja, ndilo hilo shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kikapewa mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 19 anayeendesha bodaboda Mwanza, chini ya uangalizi wa baba mkubwa. Mabinti wawili hawakutajwa kabisa. Mzee mmoja aliuliza, "Na mama yao?" Akajibiwa, "Watoto wapo, watamtunza." Kikao kikaendelea na habari ya deni la jeneza. Mimi sikufungua mdomo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Watamtunza. Mwanamke huyu aliolewa pale mwaka 1991. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi ujenzi. Miezi ilipita yuko machimboni Geita. Aliyebaki na migomba ni yeye. Mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, ulipoingia Kagera na majirani wakaanza kukata tamaa, yeye alijifunza kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Iliyougua aliing'oa mwenyewe, shina na machipukizi yake, akapanda upya. Nyasi za kutandaza anazikata bondeni na kuzipandisha kichwani. Kahawa anachuma nyekundu tu, anaanika, anageuza, anaanua wingu likionekana. Ikifika chama cha msingi cha ushirika inaandikwa kwa jina la mwanachama, na mwanachama ni baba mdogo. Fedha ziliingia akaunti ya baba mdogo. Ukipekua makaratasi yote ya nyumba ile hutaona popote kwamba mama mdogo aliwahi kufanya kazi.

Anayetunzwa ni mtoto, au mgonjwa, au mzee asiyejiweza. Mama mdogo ndiye aliyetutunza sisi. Mimi mwenyewe nililipiwa ada ya kidato cha tatu na maharage yake.

Nilidhani maneno ya wazee yale ni ukatili wa ukoo wetu peke yetu. Nimesoma, nikakuta yameandikwa. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za kimila za urithi, lina kanuni ya 27: mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Karibu neno kwa neno ni yale niliyoyasikia uani. Miaka miwili tu baada ya uhuru nchi iliandika hivyo, na leo wazee ambao hawajawahi kuiona karatasi hiyo wanaitamka kama sala.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini shauri lile lilikuwa la talaka. Basi mama mdogo angeachana na mumewe mwaka juzi, angeweza kusimama mbele ya hakimu na kuhesabiwa jasho lake. Kwa kuwa alimuuguza hadi pumzi ya mwisho, anaambiwa asubiri watoto. Nani ataniambia hiyo ni haki?

Wanawake wamepigana, tusiseme wamelala. Mwanamke wa hapahapa Kagera, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wakaenda mahakamani, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Wajane wawili mafundi cherehani wa Shinyanga waliipeleka mila hii Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba inabagua, na bado haikuifuta. Walifika hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Yote hayo yapo. Hakuna hata moja lililofika uani kwetu.

Nikiri jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Wazee wana hofu ya kweli. Makaburi yetu yako ndani ya kibanja, babu na bibi wamelala pale chini ya migomba, na wanaogopa mjane akiolewa kwingine ardhi itaondoka na makaburi yake. Naielewa hofu hiyo. Lakini baba mdogo aliuza kipande cha upande wa barabarani akanunua pikipiki, na hakuna kikao kilichokaa usiku kucha kujadili makaburi. Na mwanamke aliyekaa na migomba ile miaka yote hii ataenda nayo wapi?

Ninyi mliooa, ambao baba zenu wako hai, ambao mnasoma haya mkiwa Dar au Mwanza: hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya ardhi ya kijijini, inapokea majina mawili, la mume na la mke. Nendeni ofisi ya kijiji mkiwa wote wawili wazima. Na bunge lifute kanuni ya 27, kwa jina lake na namba yake.

Muhtasari wa kikao cha ukoo unatakiwa Mahakama ya Mwanzo wiki ijayo, kwa ajili ya kufungua mirathi. Umeletwa kwangu juzi usiku. Saini kumi zipo, nafasi ya kumi na moja ni yangu. Nimempigia baba mkubwa nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba sitasaini mpaka kikao kikae tena na mama mdogo awepo, akiwa ameketi kwenye kiti. Alikata simu. Jioni alinipigia mama mdogo, akauliza tu kama nitakuja na basi la asubuhi au la usiku, ili ajue apike nini. Nikamwambia safari hii asipike.