Picha safi, vidole vimevimba

"Picha yako haina tatizo." Niliambiwa hivyo siku ambayo mwanangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa tangu alfajiri, na mpaka saa nne havijakunjika. Nikapewa dawa za kutuliza maumivu, nikarudi nyumbani. Daktari hakusema uongo, eksirei kweli ilikuwa safi. Ila iliulizwa swali isiloliweza.

Eksirei huona mfupa. Ugonjwa wangu, baridi yabisi ya rumatoidi, huanzia kwenye utando laini uliozunguka kiungo kwa ndani. Kinga ya mwili huushambulia, ukavimba, ukanenepa, na polepole ukaanza kula gegedu (ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa) na mfupa wenyewe. Kwa hiyo eksirei ikionyesha ukingo wa mfupa umemegeka, ujue moto ulishapita hapo zamani. Ni nzuri kwa kulinganisha mkono wa mwaka huu na wa mwaka juzi. Kujua kama ugonjwa unawaka leo ni kazi nyingine.

Hiyo kazi niliiona kwa macho yangu kwenye ultrasaundi. Mtaalamu alinipaka jeli ya baridi, akapitisha kifaa juu ya kifundo cha kidole cha shahada. Mwanzoni ni kijivu tupu. Akawasha Dopla, sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha damu inavyotembea, na vidoa vyekundu na vya rangi ya chungwa vikaanza kumeta, vinatokea na kupotea kwa mapigo ya moyo. Ni damu inayopita kwenye vimishipa vilivyoota ndani ya utando uliovimba. Hupimwa kwa daraja, kuanzia 0 hadi 3; changu kilipewa 2. Aliniambia nilegeze mkono, naye akakishika kifaa kwa mkono mwepesi kabisa, kwa sababu kifaa kikikandamizwa vimishipa hubanwa na rangi hutoweka. (Sijui ni wangapi wamepewa jibu la "shwari" kwa sababu ya mkono mzito.)

Emarai (MRI), picha inayopigwa kwa sumaku, inaona hata zaidi: maji yaliyojaa ndani ya uboho, ambayo mara nyingi hutangulia mfupa kumegeka. Lakini ni ghali, na kulala bila kujitikisa huku bega linakuuma ni shughuli.

Baada ya vile vidoa nilitaka nipigwe ultrasaundi kila nikienda kliniki. Ndipo nikasoma utafiti wa ARCTIC wa Norway, uliochapishwa 2016. Kundi moja la wagonjwa lilibadilishiwa dawa kwa kuongozwa pia na ultrasaundi. Jingine kwa mikono ya daktari, maswali na vipimo vya damu. Baada ya miaka 2 waliotumia picha hawakuwa wametulia zaidi kuliko wenzao. Denmark walijaribu hivyohivyo kwa emarai, matokeo yakatoka 2019: picha haikuongeza nafuu, na madhara makubwa yakawa mengi zaidi upande wake. Ukifukuza kila doa utaongezewa dawa, na dawa hizi si pipi.

Wapo wanaosema basi picha ni anasa. Siwafuati. Katika tafiti hizo makundi yote mawili yalifuatiliwa kwa karibu mno na watu waliobobea kushika viungo. Asiyepata uangalizi wa namna hiyo si wa kulinganishwa nao.

Mimi naona picha iitwe pale maneno ya mgonjwa, damu yake na vidole vyake vinapokataa kuelewana. Chukua mtu ambaye mwili mzima unamuuma hata misuli, alama zake za DAS28, kipimo cha ukali wa ugonjwa huu, ziko juu, lakini Dopla haionyeshi hata kidoa kimoja. Kumwongezea dawa kali ya kukandamiza kinga ni kumwonea. Au kinyume chake: alama ziko chini, kila mtu anampongeza, yeye anachechemea.

Huyo wa pili nilikuwa mimi. DAS28 huhesabu viungo 28, na vya nyayo na vifundo vya miguu havimo kabisa. Mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono, magoti, basi. Damu yangu ilikuwa nzuri, mikono imelainika, na kwenye faili pameandikwa kwamba ugonjwa umetulia. Kumbe shina la kidole kidogo cha mguu wa kushoto, mahali ambapo ugonjwa huu hupenda kumega mfupa mapema, lilikuwa likiwaka. Ultrasaundi ililiona kwa dakika chache tu. Miezi yote ile hakuna aliyeniambia nivue viatu. Siku hizi nikifika kliniki navivua kabla sijakaa.