Msianze na sanamu ya Zawose

Kila mjadala wa utalii wa Dodoma ukipamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: hivi Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeifikisha marimba ya Kigogo mpaka Ulaya na Japani, mbona kwao hana hata sanamu? Mwingine anadakia: jengeni makumbusho, wekeni vibao, tengenezeni njia ya wageni kutembea kwa miguu kama wanavyofanya wenzetu. Nimeyasikia haya kwenye vijiwe vya kahawa, vikaoni, hata ndani ya bajaji. Nayaunga mkono nusu. Njia ya kutembea naitaka sana. Sanamu na nyumba ya makumbusho visubiri.

Hao "wenzetu" mara nyingi ni watu wa Salzburg na Bonn. Salzburg kuna nyumba namba 9, mtaa wa Getreidegasse, alikozaliwa Mozart mwaka 1756. Imekuwa makumbusho tangu 1880, na sanamu yake ilishasimama uwanjani tangu 1842. Bonn nako, nyumba alikozaliwa Beethoven mwaka 1770 ilikuwa hatarini kubomolewa, wenyeji wakaunda chama mwaka 1889 wakainunua. Mgeni anapewa ramani, anapita hapa alipozaliwa, pale alipobatizwa, kule alipopigia kinanda, jioni ananunua tiketi ya onyesho na maboksi ya chokoleti. Biashara safi, siilaumu. Ila yote hayo yanategemea kitu kimoja ambacho sisi hatuna: mji wa mawe uliotulia mahali pamoja kwa karne kadhaa.

Zawose alizaliwa Ugogo, vijijini, enzi za Mwingereza. Nyumba ya Mgogo wa wakati ule ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililotandazwa udongo juu, vyumba vimezunguka ua wa mifugo. Tembe ni nyumba nzuri kwa nchi hii, ndani kuna ubaridi mchana na joto usiku, lakini inataka mwenyewe. Masika ikipita bila paa kukandikwa upya, inaanza kuvuja. Ikiachwa misimu kadhaa, unakuta kichuguu na vipande vya vyungu. Halafu ikaja Operesheni Dodoma mwaka 1971, baada ya miaka ya ukame na njaa, watu wakatolewa kwenye makazi yao ya kutawanyika wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Familia nyingi za mkoa huu hazilali leo pale babu zao walipolala. Sasa wewe unayetaka tuwaonyeshe watalii "nyumba aliyozaliwa", tuwaonyeshe ipi? Tutajenga tembe jipya la saruji, tulipake rangi ya udongo, tuweke kamba mlangoni. Mimi hapo sipo.

Lakini mji wenyewe wa Dodoma unatembeleka kwa miguu, tena kirahisi kuliko watu wanavyodhani, na hadithi ya Zawose inapita humo humo. Mtu aanze mapema, saa moja asubuhi, kabla jua halijachachamaa na upepo haujaanza kumwaga vumbi machoni. Aanzie stesheni ya zamani ya reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kati hapa mwaka 1910, ikaendelea Tabora, ikafika Kigoma 1914. Siku hizi wengi tunashuka na treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, kwa hiyo stesheni ya zamani imebaki na utulivu wake. Hapa ndipo mwongozaji mzuri angemweleza mgeni kwamba mji huu ulikuzwa na reli, katikati ya nchi kavu ya wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Kwa miaka mingi wenye nchi yao waliingia mjini kuuza na kununua, kisha wakarudi zao vijijini. Ndiyo maana ukiutafuta muziki wa Kigogo kwenye mitaa ya katikati ya mji huuoni. Haukuwahi kuishi pale.

Kutoka stesheni si mbali kufika Kanisa Kuu la Anglikana, lile lenye kuba, ambalo mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni msikiti. Simama hapo. Wamisionari wa mwanzo waliingia Ugogo wakaziona ngoma kuwa mambo ya kipagani, na waumini wakaelekezwa waachane nazo. Baadaye ngoma zikarudi kwa mlango wa kwaya. Leo ibada nyingi za Ugogo zina mitindo ya Kigogo, ngoma na sauti zile za kujibizana, na hakuna anayeshtuka. Kwangu kituo hiki ni kikubwa kuliko Makumbusho ya Jiolojia, ingawa mawe nayo yana wenyewe.

Kisha Nyerere Square. Wapiga picha wanakuvizia, vijana wamekaa kwenye kivuli na simu zao, na Mwalimu yuko pale amesimama. Watu huja kupiga picha na sanamu wakikumbuka uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Kuna jambo jingine la kusimuliwa hapo hapo. Ni Nyerere huyu aliyemchukua Zawose kutoka huku bara akampeleka Dar es Salaam, kwenye ile juhudi ya kujenga sanaa ya taifa. Kutoka hapo njia yake ikaelekea Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), akawa mpigaji, mtunzi na mwalimu. Mwaka 1985 ikatoka Uingereza sahani yake ya "Tanzania Yetu", na mwaka 1996 "Chibite", aliyoifanya na Charles Zawose chini ya lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliipitisha pwani, mbele ya bahari ambayo kwao haipo.

Hapa watu wa Bagamoyo watanikoholea kidogo. Wana haki. Familia yake iliota mizizi huko, na huko ndiko muziki wake umeendelea kuzaa. Pendo Zawose, bintiye, na Leah, mjukuu wake, ndio The Zawose Queens waliotoa albamu ya "Maisha" mwaka 2024. Hilo si jambo dogo, kwa sababu zeze na marimba zamani vilikuwa mikononi mwa wanaume zaidi. Kama kuna mji wenye haki ya kuweka makumbusho ya Zawose mtu, ni Bagamoyo. Dodoma isigombanie hilo. Dodoma ina kile alichotoka nacho.

Nakirudia kwa wale wa mipango miji: alichotoka nacho bado kipo, na kipo hai. Toka Nyerere Square, pita Soko la Majengo upate zabibu na karanga za njiani (kwenye spika za pale utasikia singeli na bongo fleva, zeze husikii), kisha panda daladala ya Chamwino. Barabara ni ile ya Morogoro. Utaipita Ihumwa na njia ya kwenda Mji wa Serikali Mtumba, baadaye utafika eneo la Ikulu. Wageni wengi wanageuzia hapo, wakishapiga picha geti kwa mbali na kuambiwa na askari wasogee. Wangesogea kweli, kuingia kijijini, wangekuta ninachokisema.

Chamwino ndiko linakofanyika Tamasha la Muziki wa Cigogo (yaani Kigogo), ambalo limekuwepo tangu 2009, mwanzoni likiendeshwa na wenyeji chini ya Dk. Kedmon Mapana, mwana wa Ugogo. Vikundi vinatoka vijiji vya mbali na karibu, wanafika juu ya malori wameshaanza kuimba. Ukitaka kumwelewa Zawose, kaa pale mbele ya kina mama wa muheme. Ngoma yenyewe imebinywa katikati kama kiuno, wanaibana mapajani wakiwa wamesimama mstari mmoja, wanaipiga kwa viganja. Mmoja anashika mapigo ya msingi hayumbi, wa pili anapita katikati yake, wa tatu anavunja, na wewe mgeni unashindwa kujua mguu wako ufuate upi. Mbele yao wengine wanatikisa mabega. Vumbi linapanda mpaka magotini. Juu ya yote hayo sauti zinapangana, moja inaanza peke yake, nyingine zinaipokea kwa chini na kwa juu, hakuna mwalimu wa kwaya anayepunga mkono.

Halafu mzee anatoa marimba. Ni sanduku la mbao, juu yake vyuma bapa vimepangwa kwa safu, vinapigwa kwa vidole gumba. Tazama vizuri: baadhi ya vyuma havigusi. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe vinaposikia sauti ya wenzao. Kwenye tundu la sanduku kuna utando mwepesi wa buibui uliobandikwa, na huo ndio unaoleta ule mvumo mkavu unaosikika kwenye kila rekodi ya Zawose. Mtayarishaji wa muziki wa kigeni asiyeujua angedhani ni kasoro ya spika akaukata. Hiki ndicho kituo cha kihistoria ninachotaka mgeni asimame mbele yake. Hakijaandikwa popote, kinabebwa kwapani.

Sasa pingamizi. Nimeambiwa mtalii hataki vumbi, anataka choo safi na kiti. Choo na kiti ni haki yake, vijengwe, na kwa fedha hizo hizo ambazo zingeenda kwenye shaba ya sanamu. Nimeambiwa pia kwamba ngoma tayari zinaonyeshwa: waheshimiwa wakishuka kwenye ndege au wakifungua mkutano, kikundi kipo. Kweli kipo. Nimewaona kina mama waliotolewa kijijini alfajiri, wamepangwa juani na fulana mpya za shughuli juu ya mavazi yao, wanasubiri saa nne mpaka saa saba, msafara unafika, wanapiga dakika tatu, kiongozi anapunga mkono huku akitembea, basi. Mshereheshaji hakutaja hata jina la kikundi. Mtu akiniambia huo ndio utalii wa utamaduni namwona ananitania.

Nyimbo hizi zina maneno, na maneno yake ni mazito: njaa, ng'ombe, ndoa, kumsifu mgeni, kumsema jirani bila kumtaja. Zina majira yake pia. Wakati wa mvua watu wako shambani, na anayekwenda kuwatoa kwenye palizi ili wampigie ngoma anawarudisha nyuma kwa chakula cha mwaka mzima. Baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, mtama uko ghalani, kuna nafasi na kuna furaha, na ngoma inachezwa kwa sababu yake yenyewe. Kwa hiyo ziara hii iwe ya msimu. Najua mawakala wa utalii hawapendi neno hilo, wanataka kitu cha kuuza Januari mpaka Desemba. Mbona wanaouza safari za kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara wanaweza kumwambia mteja asubiri?

Mwongozaji naye awe mtu wa huku. Si lazima awe na shahada ya utalii, ila lazima akifika uani ajue kusema "mbukwenyi" na kusubiri ajibiwe, aamkie wazee kwanza kabla ya kuonyesha mtu kamera, na ajue nani ni fundi wa zeze na nani ni mpigaji tu. Chamwino na vijiji vya jirani vina vijana wa aina hiyo wengi, wapo wanaoendesha bodaboda. Wafundishwe historia ya reli, ya kanisa, ya Operesheni, wafundishwe kumsimulia Zawose kwa tarehe zake sahihi. Hayo mengine wanayajua kuliko atakayewafundisha.

Kuna suala la fedha, ambalo hukwamisha mambo mengi mazuri. Bei iwe moja, ibandikwe wazi, na fungu la wapigaji lilipwe kwa kikundi siku hiyo hiyo mbele ya mgeni, mweka hazina wa kikundi akiandika kwenye daftari. Kina mama wa muheme wengi wako kwenye vikoba, daftari wanalijua na hesabu zao hazipotei. Fundi wa marimba alipwe peke yake, na mgeni akitaka kununua chombo anunue kwake. Marimba inayouzwa mjini kwa mkono wa tatu mara nyingi haina hata huo utando wa buibui. Na atakayerekodi kwa simu aombe ruhusa kwanza, aulizwe anakwenda kuirusha wapi. Muziki wa Ugogo umesharekodiwa sana na wageni, na vijijini kuna wazee walioimba kwenye kanda ambazo hawajawahi kuzisikia. Hizo kanda zikirudishwa Chamwino na kuwekwa mahali kijana anaweza kuketi akazisikiliza, hapo ndipo nitaanza kuongea na mtu kuhusu jengo.