Paa la Kariakoo Halitazamwi

Ukiwa Kariakoo macho huwa chini. Unashika pochi, unakwepa mkokoteni, unajiuliza kama kijana anayekuita "bosi" amekutajia bei au amekupima sura. Nani ana nafasi ya kutazama paa? Na paa ndilo lenye kazi.

Soko kubwa lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania aliyesomea Israel, likafunguliwa mwaka 1975. Badala ya kulaza bati, Amuli alisimamisha miavuli ya zege, tena iliyopinduka, kama ule mwavuli wako upepo wa Posta unapoukamata. Mvua ikinyesha, kila mwavuli unakinga maji yake, nayo yanateremshwa kuhifadhiwa chini ya ardhi. Pembeni akaacha uwazi ili upepo upite na mwanga uingie. Joto la Dar es Salaam tunalijua. Yapange matenga ya nyanya na mamia ya watu chini ya bati, uone kama saa sita utamkuta mtu. Yeye joto hilo alipambana nalo kwa umbo la jengo, kabla ya kufikiria feni. Chini kabisa akaweka soko la jumla, ambalo watu wakaliita Shimoni, wala hawakukosea.

Eneo lenyewe lina historia ndefu kuliko zege lake. Wajerumani walijenga soko pale, vita ya kwanza ya dunia ikaja kabla halijakaa sawa, Waingereza wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wa mjini ukaitafuna Carrier Corps mpaka ikawa Kariakoo.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Nilisikia waliosema libomolewe tu, ni zege chakavu, tujenge la kisasa. Kisasa kwa maana yao ni ghorofa la vioo linaloanikwa juani kutwa nzima, halafu kiyoyozi kihangaike kulipoza. Nashukuru uamuzi ukawa kulikarabati. Novemba 2024, mitaa michache tu kutoka pale, ghorofa liliporomoka likaua watu zaidi ya 25. La Amuli lilipita kwenye moto likabaki limesimama. Sasa kati ya majengo hayo mawili, lipi tuliite chakavu?

Ningependa wanafunzi wa usanifu wapelekwe pale kabla ya kuonyeshwa picha za Dubai. Ila waende na mwenyeji, na simu wazifiche.

Mimi mwenyewe majuzi nilisimama kando ya barabara nihesabu ile miavuli. Nilikuwa sijafika mbali, kuli mwenye gunia la viazi kichwani akanijia kwa nyuma: "Mzee, njia! Unashangaa nini?"

Nikampisha, hesabu ikapotea.