Shilingi 6,000 za mtoto wa darasa la kwanza

Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi za serikali nchini Tanzania imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu vya kiada na 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule. Shule ya wanafunzi 600 inapata basi 300,000 kwa mwezi, ambazo mwalimu mkuu ananunulia chaki, anatengenezea madirisha, anachapishia mitihani ya majaribio na, kikisalia kitu, ananunulia vitabu vya hadithi. Aghalabu hakisalii. Kwa maoni yangu, vitabu hivyo vitangulie mitihani ya majaribio.

Wanaotetea mitihani hiyo wana hoja. Mwalimu mkuu anapimwa kwa ufaulu wa darasa la nne na la saba, na mtoto ambaye wazazi wake hawamudu tuisheni hana pengine pa kuzoea maswali. Lakini fedha hizi huja kwa hesabu ya kila kichwa, na wa darasa la kwanza amehesabiwa sawasawa na wa la saba. Rimu za karatasi zinapokwisha kwa madarasa mawili ya mitihani, wanaozilipia ni pamoja na wadogo walio katika umri hasa wa kujifunza kusoma. Nao wakifika darasa la saba bado wanaunga silabi kwa kidole, swali la hisabati la mistari mitatu litawashinda kabla hawajaifikia hesabu yenyewe, hata wafanye majaribio mangapi.

Wenye shaka hutaja utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, kwamba kugawa vitabu hakukuinua wastani wa alama. Ni kweli, ila vilikuwa vya kiada, tena vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na walionufaika ni waliokuwa tayari mbele. Hadithi ya Kiswahili mikononi mwa mtoto wa Kitanzania ni jambo jingine kabisa.

Linalonisumbua zaidi ni utafiti wa majaribio uliofanywa katika shule 350 za Tanzania, mwaka 2013 na 2014: ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji, ila ilipoambatana na motisha kwa walimu, alama zilipanda. Kitabu kilichofungiwa kabatini ofisini hakimfundishi mtu. Kwa hiyo vitabu vinunuliwe pamoja na kipindi cha kusoma kwenye ratiba, vikae darasani, na vikichanika viandikwe kwenye leja kuwa vimetumika, mwalimu asidaiwe.