Mwacheni Aseme, Kisha Apige

Jumamosi nilimpeleka shangazi kanisani, hapa Kampala, tukasikilize selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa. Kabla ya Suite ya 5 ya Bach, mfululizo wa vipande ambavyo kimoja huitwa Sarabande, dada wa selo akatuambia uzi wake wa juu ameushusha kutoka noti ya A hadi G, maana ndivyo Bach alivyoandika. Akaongeza: "Tukifika kwenye Sarabande tegeni sikio. Hamtasikia sauti mbili kwa pamoja hata mara moja. Noti moja moja tu." Maelezo yake hayakutimia dakika mbili. Nyuma yangu bwana mmoja mwenye tai akasonya kama aliyezidishiwa nauli. Wakati wa mapumziko akatutangazia: muziki ujisemee wenyewe, anayetaka maelezo asome karatasi ya programu.

Karatasi ipi? Ile ya herufi za sisimizi tuliyokuwa tukijipepea nayo?

Lalamiko hili, kwamba mpigaji asiseme na watu, wahakiki wanalo tangu zamani. Mwaka 1962 huko New York, Leonard Bernstein, mwongoza okestra, alizungumza kabla ya mpiga piano Glenn Gould kupiga konseto ya Brahms, muziki wa piano na okestra, akasema hakubaliani na namna Gould anavyotaka ipigwe. Harold Schonberg, mhakiki wa gazeti la New York Times, akamshukia kwa kejeli. Hotuba ile watu wanaisikiliza mpaka leo. Na watunzi wenyewe hawakudai ukimya huo: Mozart, mwaka 1778, alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, muziki wa okestra nzima. Na mwaka 1808 Vienna, Beethoven aliisimamisha okestra mbele ya watu, wakaanza upya. Sisi ndio tunataka kuwa Wazungu kumshinda Beethoven!

Eti maneno yanavunja utulivu. Utulivu gani, na boda zinanguruma dirishani?

Haya, wapo wanaopitiliza. Mpiga piano mmoja alitusimulia utoto wake wote, nikasinzia kabla hajagusa kibonye.

Lakini shangazi yangu je? Yeye kazoea mpiga adungu, kinubi chetu, anayekutania kwanza, akuulize kwenu wapi, ndipo apige. Bach hamjui. Sarabande ilipoanza akaniminya mkono, akanong'ona: "Mwanangu, kumbe ni kama endingidi," yaani fidla yetu ya uzi mmoja. Akainama mbele, hakuegemea tena mpaka mwisho. Bila zile dakika mbili angekuwa anahesabu taa za dari, na mimi pamoja naye.

Tukitoka, nikamkuta bwana wa tai mlangoni akimweleza mkewe habari za uzi ulioshushwa hadi G. Kwa ustadi kabisa.