Bwawa la Nyerere: umeme umepanda Chalinze, Mrufiji kabaki na nini?

Jamani hili tuliongee bila ushabiki. Bwawa la Nyerere, lile la kufua umeme kwenye mto Rufiji, limekamilika, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na hela iliyozama pale ni zaidi ya trilioni 6.5, kodi zetu wenyewe. Mimi nililiunga mkono tangu Magufuli anaweka jiwe la msingi Julai 2019 na mpaka leo sijabadilika, maana mgao wa 2022 na 2023 nauona mpaka kesho, fundi wa kuchomelea mageti kakaa chini ya mwembe na vyuma vyake anasubiri umeme urudi saa tatu usiku, mteja kila saa anapiga simu anataka advansi yake. Wanaosema waliofaidi ni makandarasi wa Misri tu wanamsahau huyu fundi. Arab Contractors na Elsewedy walilipwa ndio, ila mashine zimebaki na zinazunguka.

Lakini hebu shuka na mto. Mrufiji hakuwa mtu wa kuyakimbia mafuriko tu, alikuwa anayalimia. Maji yakipanda yanaacha tope jipya shambani na samaki wanaingia kwenye maziwa ya pembeni, yakishuka watu wanapanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, mahindi yanakua kwa unyevu wa ardhi tu bila mvua, familia nzima inahamia shamba na usiku mtu analala juu kwenye dungu anafukuza nguruwe pori. Sasa kilimo hicho kinataka mto upande na ushuke kwa majira yake, na bwawa kazi yake ni kinyume, linazuia maji ya masika ili mashine zizunguke kiangazi, tope nalo linatulia hukohuko juu. Delta, pale mto unapoingia baharini, nayo hivyohivyo, mikoko inalishwa na tope hilo na kamba wanakulia mikokoni.

Alafu ikaja Aprili 2024, mashamba Rufiji na Kibiti yakazama. Wananchi wakasema ni maji yaliyofunguliwa bwawani, serikali ikajibu mto huo unafurika tangu enzi na mvua zilizidi. Mvua zilizidi kweli, hilo silibishii. Ila aliyepoteza mahindi yake jibu hilo halimrudishii mbegu.

Hata huku umeme unakopelekwa kupitia Chalinze faida haijagawanyika sawa, maana 2025 Rais Samia mwenyewe alieleza kwa nini kaskazini inunue umeme wa Ethiopia, kwamba ukisafirishwa mbali mwingi unapotea njiani. Kwahiyo nguzo na laini nazo ni ishu kubwa.

Ninachotaka mimi siyo kubomoa kitu. Nataka sehemu ya mapato ya umeme ule irudi Rufiji na Kibiti kila mwaka, maji ya mlau yaachiwe kwa makusudi, na ratiba ya kuyafungulia ibandikwe ofisi za vijiji kuanzia Mloka mpaka Mohoro kabla watu hawajapanda. Na kwenye kikao cha kupanga hiyo ratiba wakulima wawemo, wasiwe wanasikia redioni maji yakiwa yameshafika shambani.